Linki za Shangazi

Ukimpelekea Shangazi cherehani yako na kumwambia imeharibika, jambo la kwanza atakalokufanyia ni kukusuta. "Hii cherehani au kikaango?" atakuuliza mbele ya wateja wengine, kwa sababu umeipaka mafuta ya kupikia, nawe utacheka cheko la aibu ukitazama miguu yako. Kisha ataifungua kwa bisibisi yake yenye mpini uliozungushiwa kitambaa chekundu, ataipuliza, atazungusha gurudumu kwa kiganja, na kabla hujamaliza kukaa atakuwa ameshakutajia ugonjwa. Hakosei. Na hilo ndilo lililomponza, kama mtaniuliza mimi. Mtu aliyepatia miaka thelathini mfululizo hufika mahali akadhani kukosea ni maradhi ya watu wengine.

Karakana yake ni chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu. Watu wakipanda, vumbi linamdondokea, ndiyo maana hajawahi kuonekana bila kitambaa kichwani. Humo ndani mna benchi, taa ya shingo ndefu, makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa, na kiti kimoja cha mgeni ambacho mguu wake wa nne ni tofali. Ameshatengeneza cherehani za mtaa mzima lakini kiti hicho hajakigusa. Anasema mgeni akikaa vizuri sana hataondoka.

Aliyemfanya ajulikane nje ya mtaa ni mtoto wa kaka yake. Shangazi alimlea yeye tangu kaka mtu alipofariki, akamsomesha, na kijana akatoka na elimu ya kompyuta na shati la kuchomekea. Miaka tisa iliyopita alifungua tovuti, baraza la washonaji na mafundi cherehani, akamweka shangazi yake awe mjibu maswali na admini mkuu. Shangazi alimbandika jina la Bosi, kwanza kwa utani. Kwa kuwa Bosi alikuwa anamwita Shangazi, basi baraza zima likamwita Shangazi, hata wazee wenye mvi waliomzidi umri.

Na watu walimpenda, jamani! Mtu anaandika: "Shangazi, cherehani yangu inaruka mshono, nimeshabadilisha uzi mara tatu." Shangazi anajibu: "Umepachika sindano nyuma mbele. Igeuze, kisha uuombe radhi uzi." Kila jibu lilikuwa na kofi ndani yake, na kila kofi lilikuwa na dawa. Palipohitajika kununua kitu, aliweka linki ya duka. Sheria yake ilikuwa moja: hasifii kitu ambacho hajakishika kwa mkono wake, wala hapokei chochote kwa kusifia. Aliiandika juu kabisa ya ukurasa wake, kwa herufi kubwa, na watu wakaiamini.

Nyingi ya linki zile zilikwenda kwa Mama Mikanda.

Huyu Mama Mikanda na Shangazi walijifunza ufundi benchi moja, kwa mzee mmoja mkali aliyekuwa na mtindo wa kuficha skrubu moja wanafunzi wakiwa wanafungua mashine, aone nani atagundua. Shangazi alikuwa akipiga kelele papo hapo: "Mzee, umetuibia!" Mwenzake alikuwa kimya, anainama, anatafuta chini ya benchi, chini ya mkeka, mpaka aipate. Tangu siku hizo waliitana pacha. Shangazi alipofungua karakana, mwenzake alifungua kiduka cha mikanda: mikanda ya ngozi ya cherehani za miguu, ya mpira kwa zenye mota, yote akiikata mwenyewe kwa kipimo. Alikuwa na utaratibu wake. Mteja apime kwa uzi pale mkanda unapopita, afunge fundo, alete uzi wenyewe au autume. Nyuzi hizo alizitundika ukutani kwenye misumari, kila uzi na kikaratasi chenye jina la mwenyewe, na mkanda wako ukikatika miaka mitano baadaye, uzi wako bado uko ukutani unakusubiri. Mkanda wake haukulegea. Aliyeuvaa mkanda wa Mama Mikanda aliusahau.

Ila kiduka kilikuwa uchochoroni, mahali ambapo hata mwenye njaa hapiti. Wateja tisa kati ya kumi waliingia kwenye tovuti yake ndogo kupitia linki za Shangazi. Yaani duka lile lilikuwa linapumua kwa pua ya Shangazi, na wote wawili walijua, na hakuna aliyewahi kulisema.

Sasa nawaambieni mapema alichofanya Bosi, ili msihangaike kukisia. Alimwingiza dalali. Zipo kampuni za udalali wa linki: unawakabidhi tovuti yako, nao kila linki inayotoka wanaipitisha mlangoni kwao kwanza. Mtu akinunua huko aendako, dalali anapata cha juu na wewe mwenye tovuti unapata chako. Duka ambalo halina mkataba na dalali, dalali halitaki. Anamgeuza mgeni njiani, taratibu, anampeleka kwenye duka lenye mkataba linalouza kitu cha jina hilohilo. Mgeni haoni kitu. Amebonyeza "mkanda", amefika kwenye mkanda, na juu yake kuna neno la Shangazi. Kiduka cha uchochoroni hakikuwa na mkataba na mtu yeyote isipokuwa mwenye nyumba.

Halafu kulikuwa na jambo moja dogo. Mibonyezo ya maadmini dalali alikuwa hailipii, kwa kuwa wao hubonyeza kutwa kucha kukagua. Kwa hiyo aliyeingia kwa akaunti ya admini, linki zake ziliachwa kama zilivyo, zinakwenda moja kwa moja. Na Shangazi hakuwa na akaunti nyingine maishani mwake.

Mama Mikanda alistahimili miezi mitatu kabla ya kuja karakanani. Alikaa kwenye kiti cha tofali, mkoba mapajani.

"Pacha," alisema, "wateja wamekatika."

"Wamekatika kama mkanda?" Shangazi alimjibu akicheka, kichwa kikiwa ndani ya mashine.

"Sikutanii. Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa msimu. Zile linki zako hazifiki kwangu. Kuna mteja wa zamani kaniambia alibonyeza, akatokea duka jingine kabisa."

Shangazi alitoa kichwa. Alijifuta mikono, akachukua simu yake, akafungua jibu lake mojawapo, akabonyeza. Duka la Mama Mikanda likafunguka, na picha ileile ya nyuzi ukutani.

"Haya. Hii ni nini? Mwenye macho haambiwi tazama."

"Kwako inafika. Nakwambia kwa wateja haifiki."

"Linki ina macho? Inajua huyu Shangazi, huyu mteja?" Na wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakacheka, na kicheko chao kikampa Shangazi hamu ya kuendelea. "Pacha, biashara ikidoda mtu hutazama bidhaa zake. Wewe unatazama simu yangu."

Mama Mikanda alinyanyuka. Alikuwa na tabia ileile ya kuinama na kutafuta, basi akaenda kutafuta. Alibonyeza linki kwenye simu ya jirani, ya kinyozi, ya mwalimu wa ghorofani, na kila mahali akatupwa kwenye duka kubwa. Siku ya tano akaandika barazani, mbele ya watu wote, kwa heshima zake zote: "Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Linki za Shangazi za mikanda hazifiki kwangu siku hizi, zinafika kwingine. Sisemi ni yeye. Naomba anayeweza aangalie."

Loo! Wewe unadhani watu walisoma lile neno "sisemi ni yeye"? Walisoma yote isipokuwa hilo. Mmoja akauliza Shangazi anakula na nani. Mwingine akaandika kwamba hakuna mwanadamu wa bure miaka tisa. Shangazi, ambaye hajawahi kula hata peremende ya mtu, alisoma akiwa amesimama na akashindwa kukaa.

Aliwaita maadmini wenzake wawili: bonyezeni. Wakabonyeza, kwa akaunti zao za admini. Imefika, Shangazi. Imefika. Akawa sasa ana mashahidi, na mtu mwenye hasira na mashahidi ni wa kuogopwa. Aliandika:

"Nimebonyeza mimi, wamebonyeza wenzangu, inafika. Kama ninasema uongo, mikono hii isishike bisibisi tena. Huyu mama nimemjua tangu hajui kichwa cha skrubu na mkia wake, na nimemlisha wateja miaka tisa bila kumdai hata asante. Leo duka linazama, anataka kuzama na jina langu. Mfa maji haishi kutapatapa. Lakini asinishike mguu mimi niliye nchi kavu. Mikanda mingine ipo, tena mizuri. Mlango nimeufunga."

Akaufunga kweli. Akaiondoa akaunti ya Mama Mikanda barazani, ya kwanza kuondolewa tangu baraza lianze. Chini ya maneno yake wakamiminika watu mia nne na vicheko vyao, na mzaha wa mkanda uliolegea ukazunguka wiki nzima. Ile sentensi ya "mikanda mingine ipo, tena mizuri" iliwauma wachache waliojua. Shangazi alikuwa hajashika mkanda mwingine wowote. Sheria yake mwenyewe aliivunja kwa hasira, na hakuna aliyemkumbusha.

Msimu ukaenda. Wiki ya mwisho kabisa akaingia karakanani mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa haraka haraka, na cherehani yake kwenye toroli.

"Mkanda umekatika tena, Shangazi. Wa tatu huu."

Shangazi aliushika. Mpira wa ovyo, ukingo umechanika kama karatasi. "Umeokota wapi uchafu huu?"

"Nimeokota? Nimenunua kwa linki yako."

"Linki yangu haiendi huko."

"Ebo! Tazama basi." Mshonaji akatoa simu yake, akafungua baraza, akabonyeza jibu la Shangazi la miaka minne nyuma, lenye maneno "nenda kwa Mama Mikanda, usihangaike". Likafunguka duka kubwa, rangi za kumetameta na bei nyekundu, na mkanda uleule wa karatasi.

Shangazi aliichukua ile simu bila ruhusa. Akarudi ukurasa wa nyuma, akabonyeza linki nyingine. Duka kubwa. Nyingine. Duka kubwa. Akatoa ya kwake, akabonyeza: nyuzi ukutani. Alikaa juu ya kile kiti chake kibovu, simu mbili mkononi, na mshonaji akamuuliza kama ameshikwa na kizunguzungu.

Ofisi ya Bosi ina kapeti na kiyoyozi. Shangazi aliingia na aproni yake ya mafuta.

"Shikamoo, Shangazi. Karibu ukae."

"Usiniamkie. Linki zangu zinakwenda wapi?"

Bosi alimweleza. Hata hakujificha, alimweleza kwa upole, kwa mikono, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma saa. Dalali, mkataba, mibonyezo ya maadmini isiyolipiwa.

"Na mimi nilipoapa mbele ya watu, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasoma. Nilitaka kukupigia." Alitazama meza. "Lakini siku ile watu waliingia barazani kuliko siku yoyote, Shangazi. Ugomvi ule ulitubeba. Halafu nikasema, mama yule duka lake si lilikuwa linakufa hata hivyo?"

"Limekufa kwa sababu yako, ng'ombe wewe!"

"Kwa sababu ya neno lako," alisema Bosi, bado kwa upole. "Mimi sina jina. Watu hawaji kwangu."

Shangazi akaomba amwondoe dalali. Bosi akasema mkataba ni wa miaka miwili. Shangazi akasema basi ataandika ukweli wote barazani. Na yule kijana aliyemlea, aliyemfunga kamba za viatu, akatabasamu.

"Andika, Shangazi. Baraza ni lako. Sitafuta hata nukta."

Aliandika siku ileile, Jumatano mchana, akiwa amefunga mlango wa karakana kwa mara ya kwanza tangu aifungue. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyekosea na Mama Mikanda ndiye aliyesema kweli. Aliandika jinsi linki zinavyogeuzwa. Aliandika kwamba Jumamosi mwenye nyumba anachukua duka, na kwamba mwenye huruma, mwenye cherehani, mwenye deni la fadhila kwa Shangazi hata la jibu moja, akaagize mkanda leo, asingoje kesho.

Na safari hii alikuwa mjanja. Hakuweka linki. Aliiandika anwani ya duka kwa herufi tupu, kama mtu anavyoandika kwenye karatasi, na akawaagiza watu waifuate hivyo. Alipomaliza aliisoma kwenye simu yake. Herufi nyeusi tu, hakuna cha kubonyezwa. Aliigusa kwa kidole, haikwenda popote. "Sasa mgeuze na hii," alisema peke yake.

Maadmini wenzake nao waliona herufi nyeusi tu. Watu walisoma wengi mno. Waliandika kwamba wanalia. Waliandika: "Shangazi, nimeagiza miwili." "Nimeagiza, Mungu akubariki kwa ukweli wako." "Nimeagiza na sina hata cherehani!" Alihesabu mia tatu mpaka Ijumaa, kisha akaacha kuhesabu na kula chakula kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kwa pacha wake hakwenda, wala hakupiga simu. Alitaka kwenda siku duka limejaa nyuzi, aseme maneno yake mwenzake akiwa na kazi mikononi, kwa sababu mtu mwenye kazi husamehe haraka. Maneno alishayapanga. Yalikuwa manne: "Pacha, mimi ni mpumbavu." Mtu aliyewasuta watu miaka thelathini, hayo manne yalimchukua siku mbili.

Jumamosi asubuhi alikwenda. Uchochoro ulikuwa kimya. Alijiambia watu huagiza kwa simu, hawaji kwa miguu. Mlango wa duka ulikuwa wazi, na rafu zimetolewa nje, zimeegemezwa ukutani. Ndani, Mama Mikanda alikuwa anang'oa nyuzi kwenye misumari, mmoja mmoja, anazitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Pacha," alisema Shangazi, na yale maneno manne yakamtoroka. "Mbona unafunga? Maagizo je? Wiki hii amekuja nani?"

"Wewe."

"Nakuuliza kwa kweli. Wameagiza watu mia tatu! Nimeona kwa macho yangu, wameandika wenyewe!"

"Umeona kwa macho yako," alisema Mama Mikanda. Hakupandisha sauti. "Hapa hakijafika kitu. Niliposikia umeniandika, mwalimu wa ghorofani alinionyesha. Nimeyasoma yote. Umeandika vizuri. Nililia, nikakusamehe hapohapo, nikakaa na kisu changu cha ngozi nikingoja. Alhamisi nimengoja. Ijumaa nimengoja."

"Lakini sikuweka linki! Niliandika herufi tu, haibonyezwi."

"Kwako."

Alimpa simu yake mwenyewe. Baraza lilikuwa limefunguliwa, kama mgeni yeyote anavyoliona, maana mwenye simu alikuwa amefungiwa mlango. Yalikuwa maneno ya Shangazi, kila herufi mahali pake. Na ile anwani aliyoiandika nyeusi, dalali alikuwa ameipaka buluu na kuipigia mstari chini.

Shangazi hakutaka kubonyeza. Kidole kilibonyeza chenyewe. Likafunguka duka kubwa, mkanda wa karatasi katikati, umepunguzwa bei kwa wiki hii maalumu, na juu yake maneno ya kumpokea mgeni: "Karibu! Umeletwa na Shangazi."

Alisimama akiyatazama. Alitaka kusema kitu kuhusu Bosi, kuhusu mkataba, kwamba anaweza kuandika tena, leo hii, sasa hivi. Mama Mikanda alimtoa simu mkononi bila kumnyang'anya, akafuta kioo kwa upindo wa nguo yake, akaitia mfukoni. Alifunga fundo kwenye mfuko wa nyuzi na kuunyanyua.

"Nipishe mlangoni, fundi," alisema.